Windows, macOS au Linux: kazi ipi ikae wapi, na namna ya kuishi na mifumo zaidi ya mmoja

Wengi wanaouliza "nichukue kompyuta yenye mfumo gani?" tayari wanatumia mifumo miwili au mitatu bila kuihesabu. Ofisi imewapa laptopu ya Windows, nyumbani kuna MacBook au mashine ya zamani iliyowekewa Linux, mtoto anasomea kwenye Chromebook, na simu mfukoni ina Android au iOS. Mtu wa namna hiyo hasaidiki sana akiambiwa mfumo upi ni bora. Anachohitaji kujua ni kazi ipi ikae kwenye mfumo upi, na vile vitu vinavyotoka mashine moja kwenda nyingine vipite njia gani.

Mimi natumia Windows, macOS na Linux kila siku ya kazi. Msimamo wangu ni kwamba mifumo yenyewe siku hizi yote imekomaa. Kinachochosha ni mipakani: faili inapohama, vidole vinapobadilisha kibodi, nywila inapotakiwa kwenye mashine ambayo haiijui. Kwa hiyo nitailinganisha nikiangalia zaidi hiyo mipaka, maana ndiko muda wa watu unakopotelea.

## Windows: pale ambapo kazi imeshakuchagulia

Kama ofisi yako inaendesha programu ya uhasibu au ya mishahara iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, au kifaa cha maabara kimekuja na programu yake ya Windows peke yake, mjadala umekwisha. Kompyuta ya kazi hiyo iwe ya Windows, na usipoteze wikendi kutafuta njia ya kuzunguka.

Excel ina uzito wake hapa. Utasikia "Excel ipo hata kwenye Mac", na kweli ipo, tena nzuri. Lakini Power Pivot, chombo cha kuchambulia takwimu nyingi, haimo, vitufe vya ActiveX vinavyowekwa ndani ya faili havifanyi kazi, na Access, programu ya hifadhidata, haipo kabisa kwenye Mac. Kwenye Linux hakuna Microsoft Office ya kusakinisha. Unabaki na ile inayofunguka ndani ya kivinjari. Mwenye faili la Excel lililojaa makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za miaka mingi, zinazovuta takwimu kutoka hifadhidata ya kampuni, alifungulie Windows na maisha yaendelee.

Kikwazo cha Windows leo ni mashine zenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Kwa kazi za kweli usishuke chini ya GB 8, na GB 16 ndiyo inayokuacha upumue. Ila kigezo cha prosesa ndicho kilichoacha nje kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa, na hizo tutazirudia kwenye Linux.

Jambo jingine ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa ni tofauti ya Home na Pro. Windows Home haiwezi kupokea Remote Desktop, yaani huwezi kukaa kwenye Mac yako nyumbani ukaingia kwenye kompyuta ya Home kwa njia hiyo. Haijiungi na domeni ya ofisi, yaani mtandao unaosimamia kompyuta zote kwa pamoja, wala haina Hyper-V ya kuendeshea mashine pepe, yaani mfumo wa pili ndani ya dirisha la ule wa kwanza. Kwa mtu anayechanganya mifumo, Pro si anasa.

## macOS: mashine na mfumo kwa pamoja

Ukichagua macOS umechagua na chuma chake, havitenganishwi. Tangu Novemba 2020, Apple ilipoleta chipu ya M1, laptopu zake zimekuwa mahali pazuri sana pa kufanyia kazi ndefu bila chaja na bila kelele za feni. Kwa uhariri wa video na sauti kuna Final Cut Pro na Logic Pro, ambazo huzipati kwenye Windows wala Linux. Anayetengeneza programu za iPhone naye hana pa kukimbilia, kwa kuwa Xcode iko kwenye Mac tu. Na chini ya sura yake nzuri, macOS ni Unix yenye cheti tangu toleo la 10.5 la mwaka 2007, kwa hiyo amri nyingi ulizozoea kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ya Linux utazikuta, zikiwa na tofauti ndogondogo.

Kabla ya kuichukua kwa matumizi ya mchanganyiko, zingatia mambo mawili. Kwanza, kwenye MacBook za sasa RAM haiongezwi baadaye. Kiasi utakachochagua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. Anayetaka kuendesha Windows ndani ya Mac achague kubwa zaidi ya anayofikiri anahitaji. Pili, ile njia ya zamani ya Boot Camp, ya kuwasha Windows moja kwa moja kwenye Mac, haipo kwenye chipu za Apple. Kilichobaki ni mashine pepe kwa programu kama Parallels, na Windows inayokaa humo ni ile ya prosesa za ARM, jamii ya chipu za Apple, si ile ya kawaida ya Intel. Programu nyingi za kawaida hufunguka humo bila shida, lakini inayodai draiva yake maalumu, kama ya kifaa cha kupimia, inaweza kugoma. Ijaribu kabla hujaitegemea.

Wenye Mac za Intel wajue kwamba macOS 26, iitwayo Tahoe, ndiyo ya mwisho kwao. Toleo linalofuata ni la chipu za Apple peke yake.

## Linux: mfumo unaorudisha mashine kazini

Linus Torvalds alianza kuandika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo inaendesha seva nyingi za intaneti na iko chini ya Android. Kwenye kompyuta ya mezani unaipata kwa majina ya Ubuntu, Linux Mint, Fedora, Debian na mengine mengi, na wingi huo huwatisha wageni bila sababu. Anayetoka Windows aanze na Mint. Anayetaka maelekezo mengi mtandaoni achukue Ubuntu ya LTS (toleo la msaada wa muda mrefu), inayotoka kila baada ya miaka miwili na kupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Baada ya hapo ataamua mwenyewe.

Nguvu yake kubwa nyumbani ni zile kompyuta zilizokataliwa na Windows 11. Laptopu yenye prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inafanya kazi za kivinjari, barua pepe, uandishi na filamu vizuri kabisa ikiwa na Mint, na inaendelea kupata masasisho ya usalama. Mtu anayetupa mashine kama hiyo anatupa chombo kizima, na hilo huniuma kila ninapoliona.

Upungufu wake nao usifichwe. Photoshop na ndugu zake wa Adobe hawapo. Visomaji vingi vya alama za vidole havina draiva. Baadhi ya kadi za Wi-Fi husumbua siku ya kwanza. Michezo imeboreka sana tangu kampuni ya Valve ilipoleta Proton, chombo cha kuendeshea michezo ya Windows kwenye Linux, mwaka 2018, na kifaa chake cha michezo cha mkononi, Steam Deck ya 2022, kinaendeshwa na Linux. Lakini michezo kadhaa ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu bado hukataa kufunguka.

ChromeOS, mfumo wa Chromebook, naitaja kwa ufupi kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi. Kama kila unachofanya kinafanyika ndani ya kivinjari, inatosha, na Chromebook zilizotoka kuanzia 2021 zinapata masasisho kwa miaka 10. Kama kuna hata programu moja ya kusakinisha unayoitegemea, angalia kwingine.

## Njia za kuwa na mifumo miwili

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na hapa ndipo watu hukimbilia njia ngumu kabla ya kuangalia nyepesi.

Kugawa diski na kuweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja, ukawa unachagua mmoja kila unapowasha, ndiyo njia maarufu kuliko zote. Mimi naiweka mwisho kwa mtu wa kazi. Unapata nguvu yote ya mashine kwa kila mfumo, hilo ni kweli, na kwa michezo au kazi nzito za picha halina mbadala. Lakini unalipa kwa usumbufu wa aina tatu.

Wa kwanza ni saa. Windows huichukulia saa ya kwenye ubao wa kompyuta kuwa ni saa ya mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa ni saa ya kimataifa ya UTC. Kila ukihama, saa inapishana kwa tofauti ile ile iliyopo kati ya saa za kwenu na UTC, na tovuti zinaanza kulalamika kwamba vyeti vyao havijaanza kutumika au vimekwisha muda. Tiba yake ni amri moja upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`.

Wa pili ni ile Fast Startup ya Windows. Ukibofya kuzima, Windows haizimi yote. Sehemu ya mfumo inalazwa kwenye diski ili iamke haraka. Ukiwasha Linux wakati huo, patisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, itafunguka kwa kusoma tu, au itakataa. Unaona faili zako zote pale lakini huwezi kuhifadhi kitu. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya nishati ya Windows kabla hujaanza kusakinisha mfumo wa pili.

Wa tatu ndio wa kuogopwa: BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Ukigusa mipangilio ya kuwashia kompyuta, mara nyingine Windows inaona kuna kitu kimebadilika na kufunga mlango. Skrini ya bluu inatokea ikidai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48, na asiye nao amepoteza kila kilichomo. Laptopu nyingi za Windows 11 zina usimbaji huu tayari bila mwenyewe kujua, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Uandike pembeni kwanza. Kompyuta ikiwa ni ya ofisi, ufunguo uko kwa watu wa IT, na hapo usiguse diski kabisa.

Mashine pepe ni nyepesi zaidi. Unaufungua mfumo wa pili ndani ya dirisha, kwa VirtualBox, Hyper-V, Parallels, au UTM kwenye Mac, na vyote viwili vinaenda kwa wakati mmoja. Unanakili upande huu, unabandika upande ule. Kama unahitaji Windows kwa ajili ya programu moja tu ya marejesho ya kodi au ya benki, usigawe diski. Fungua mashine pepe, fanya kazi, ilaze. Inataka RAM: GB 16 ndiyo inayokufaa, kwa sababu mifumo miwili inakula pamoja. Picha nzito za 3D zitakwama, hilo likubali.

Kwa waandika programu walio kwenye Windows kuna WSL (Windows Subsystem for Linux), iliyoanza 2016, na toleo lake la pili la 2019 linaendesha kerneli halisi ya Linux. Unapata terminali ya Ubuntu ndani ya Windows bila kuwasha upya chochote. Weka faili za mradi ndani ya upande wa Linux, si kwenye C:, maana kusoma faili kuvuka ule mpaka ni kwa polepole sana, na mradi wenye maelfu ya faili ndogo utauona unajikokota.

Na kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: acha Windows ikae kwenye kompyuta ya ofisini, na wewe uifikie kwa Remote Desktop ukiwa kwenye Mac au Linux. Faili za kazi hazitoki ofisini, mashine ya nyumbani inabaki yako, na programu zote za kazi ziko pale pale zilipo. Kwa wanaofanya kazi siku kadhaa nyumbani na intaneti ya uhakika, hii kwangu ndiyo bora kuliko zote. Sharti ni moja: ipite ndani ya VPN ya ofisi, yaani njia yake iliyosimbwa, isiachwe wazi kwenye intaneti.

## Faili zinapovuka

Flashi moja inayosomeka kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine imewachosha watu wengi. Sababu ni namna ilivyoumbizwa (NTFS ni umbizo la Windows, APFS la Mac, ext4 la Linux):

| Umbizo | Windows | macOS | Linux |
|---|---|---|---|
| FAT32 | kusoma na kuandika | kusoma na kuandika | kusoma na kuandika |
| exFAT | kusoma na kuandika | kusoma na kuandika | kusoma na kuandika |
| NTFS | kusoma na kuandika | kusoma tu | kusoma na kuandika |
| APFS | haisomi | kusoma na kuandika | haisomi bila programu ya ziada |
| ext4 | haisomi, isipokuwa kupitia WSL | haisomi | kusoma na kuandika |

FAT32 inakubalika kote lakini haibebi faili moja inayofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu itakataliwa hata kama flashi ni tupu. Kwa diski ya kuhamishia chagua exFAT. Kerneli ya Linux inaitambua tangu 2019, hivyo mfumo wowote wa karibuni hautakusumbua. Ina udhaifu mmoja: haina kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS au ext4, kwa hiyo ukiichomoa ghafla wakati inaandika, faili huharibika kwa urahisi zaidi. Itoe kwa utaratibu kila mara.

Majina ya faili yana mitego yake. Windows hairuhusu alama za `: ? * " < > |` ndani ya jina, Linux inaziruhusu. Folda iliyoitwa "Kikao 10:30" kwenye Linux itakwama siku utakapoinakili kwenye flashi au Windows. Herufi kubwa na ndogo nazo: kwa Linux, `Ripoti.docx` na `ripoti.docx` ni faili mbili tofauti, zinakaa folda moja bila ugomvi. Windows na macOS, kwa mpangilio wa kawaida, zinaziona ni moja, na ya pili inaifuta ya kwanza au inakataliwa. Nimezoea kuandika majina kwa herufi ndogo, tarakimu na kistari, na tarehe ikianza na mwaka: `2026-03-ripoti-mauzo.docx`. Hakuna mfumo unaoligomea jina kama hilo, na faili zinajipanga zenyewe.

Lakini mpaka wenye maudhi kuliko yote ni hati za Word. Chukua ripoti ya kurasa kumi iliyoandikwa ofisini kwa fonti ya Calibri. Ifungue kwenye LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, ndani ya Linux. Ikiwa fonti ya Carlito imo, mistari inakatika pale pale ilipokatika ofisini, kwa sababu kila herufi ya Carlito imepewa upana sawa na wa Calibri. Ikiwa haimo, mfumo unachomeka fonti nyingine iliyo pana zaidi. Neno la mwisho la mstari linashuka chini, aya inaongezeka mstari, jedwali lililoishia vizuri chini ya ukurasa wa tatu linakatwa nusu, na orodha ya yaliyomo inataja kurasa zisizo zake. Hakuna aliyeharibu chochote. Fonti tu imekosekana. Sakinisha Carlito kwa ajili ya Calibri, Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation kwa ajili ya Arial na Times New Roman, na sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu LibreOffice itakwisha. Word ya sasa huanza na Aptos, ambayo Linux haiji nayo, kwa hiyo hati ya kushirikiana iandikwe kwa fonti za zamani. Na hati iliyokamilika, inayokwenda kusomwa tu, itume ikiwa PDF.

Waandika programu wana mpaka wao wa ziada: Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF, wenzake kwa LF peke yake. Skripti iliyohaririwa Windows ikaletwa Linux inaweza kukataa kwenda huku maandishi yakionekana sawa kabisa machoni. Weka faili la `.gitattributes` kwenye mradi tangu siku ya kwanza ili Git, programu inayotunza matoleo ya mradi, iamue, si kila mtu kivyake.

## Vidole na nywila

Kwenye Mac unanakili kwa Command na C, kitufe kikiwa chini ya kidole gumba. Kwenye Windows na Linux ni Ctrl na C, kwa kidole cha mwisho. Tofauti inaonekana ndogo ikisomwa, lakini mtu anayehama mara kadhaa kwa siku anaihisi kila dakika. Kwenye terminali ya Linux ni hatari zaidi, kwa sababu Ctrl na C pale husimamisha programu inayoendelea. Kunakili ni Ctrl, Shift na C. Mac inakuruhusu kubadilishana Control na Command kwenye mipangilio ya kibodi. Wenye kibodi moja ya nje inayohamia mashine zote wanaona nafuu kubwa wakifanya hivyo. Asiye na ulazima asibadilishe, maana akikaa kwenye Mac ya mwenzake atapotea.

Nywila ziweke mahali pasipofungamana na mfumo wowote. Kitunza nywila cha Apple ni kizuri ndani ya vifaa vya Apple, kina njia ya kufika Windows, lakini Linux hakifiki. Bitwarden inafanya kazi kote, simu ikiwemo. Asiyetaka nywila zake zikae kwenye seva ya mtu atumie KeePassXC, ambayo huhifadhi kila kitu kwenye faili moja iliyosimbwa. Kanuni hiyo hiyo naitumia kwa programu za kila siku: Firefox, Thunderbird, LibreOffice, VLC, GIMP na Blender zipo kwenye Windows, macOS na Linux, na ukishazoea menyu zake hakuna mfumo utakaokufanya mgeni.

## Usalama

Kuna wanaosema mifumo mingi ni milango mingi. Wana hoja, kwa kuwa kila mfumo unataka masasisho yake, na ule unaowashwa mara moja kwa mwezi ndio unaobaki nyuma. Lakini tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Mac na Linux za ofisi hizo hizo ziliendelea kufanya kazi. Miezi michache kabla, Machi 2024, zamu ilikuwa ya Linux: Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, maktaba ya kubana faili. Hakuna mfumo usioguswa. Kuwa na mashine ya pili ya aina nyingine, iliyosasishwa, ni akiba ya kweli pale mashine ya kwanza inapolala.

Nakala rudufu nazo zifuate mawazo hayo. Time Machine ya Mac ni nzuri, lakini diski yake haifunguki kwenye Windows. Timeshift ya Linux hulinda mfumo, si nyaraka zako. Zitumie, kisha uwe na nakala nyingine ya nyaraka na picha kwenye diski ya exFAT, faili zikiwa kama zilivyo, ili mashine yoyote iliyobaki iweze kuzifungua.

## Nani achague nini

Mhasibu, mtu wa Excel nzito na mwenye programu maalumu ya ofisi: Windows Pro kazini, na nyumbani chochote akipendacho, akiingia ofisini kwa Remote Desktop. Mhariri wa video, mtunzi wa muziki au mtengeneza programu za iPhone: Mac yenye RAM ya kutosha, na Windows ndani ya mashine pepe kama itahitajika. Mwandika programu za seva: Linux kama ofisi inaruhusu, la sivyo Windows na WSL. Familia yenye laptopu ya zamani iliyokosa Windows 11: Mint, bila kusitasita.

Mwenye laptopu moja tu na hamu ya kuijua Linux asianze na diski. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pakua Mint, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uitumie hivyo hivyo bila kusakinisha. Windows iliyo kwenye diski haiguswi. Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikie sauti. Chapa ukurasa mmoja kwenye printa yako. Fungua kamera. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka. Ikipita yote hayo, nakili nyaraka zako nje, hifadhi ufunguo wa BitLocker, ndipo usakinishe. Ikikwama kwenye Wi-Fi au kuamka, tafuta jina kamili la modeli ya laptopu pamoja na neno Linux usome waliotangulia wamelitatua vipi, na kama hujapata jibu, weka Linux kwenye mashine pepe ndani ya Windows uendelee kujifunza humo.